Hadithi Yangu ya Kupata Bashi

Nianze na wenye makosa, maana mimi si mtu wa kuzunguka. Wa kwanza ni wale wenye bunduki waliokuja kijijini kwetu bondeni, si mbali na Luberizi, saa ambayo wanawake wote wako jikoni. Hao majina yao siyajui, na hata ningeyajua nisingechafua karatasi. Wa pili ni shefu wetu wa kijiji. Jana yake alivusha mbuzi zake ng'ambo ya mto Ruzizi, mbuzi mmoja mmoja, mpaka yule wa mwisho aliyekuwa anachechemea, na hakumdokezea hata jirani yake kwamba kuna jambo linakuja. Wa tatu ni mdogo wa mume wangu, baba mdogo wa binti yangu. Huyo alikuwa na pikipiki. Alitupita barabarani tunakimbia, mimi na mtoto mgongoni, na nyuma ya kiti, pale wanapokaa watu wawili wakijibana, alikuwa amefunga godoro.

Mume wangu alikuwa amekwenda kufunga ng'ombe. Hakurudi.

Hadithi hiyo nimeisema mara nyingi kuliko sala. Tulipofika Uvira tulilala kwanza kwenye darasa la shule, kisha kwa watu wema, kisha kwenye kiwanja karibu na ziwa, na kote huko walikuja watu wa listi. Anayejua maisha ya kukimbia anajua listi ni nini: mtu amevaa kizibao, ana karatasi, anaandika jina lako na yaliyokupata, na kama ameandika vizuri unapata bashi, lile turubai la plastiki la kufunika nyumba, na ndoo, na sabuni, na sufuria. Kama ameandika vibaya unapata pole.

Basi ukajifunza. Ukisema kirefu, anaangalia saa. Ukisema kifupi, anakuona hujateseka. Ukilia mapema, anapita kwa mwingine mpaka utulie, na ukirudi kwenye foleni ndoo zimekwisha. Mimi niliona mahali pazuri pa kulia ni kwenye godoro. Mbuzi za shefu zinamtayarisha mtu, godoro linammaliza. Na hapo hapo, kabla hajafuta macho, namvuta mtoto mbele na kusema: onyesha mkono. Mtoto anapandisha mkono wa gauni, na kovu la moto linaonekana toka kiwiko mpaka karibu na vidole. Ni wale watu, nasema, walichoma. Bashi nilipata tatu. Wengine walipata moja.

Watu wa listi wakapungua, wakaisha, lakini hadithi haikuisha. Niliisema sokoni, niliisema kwenye bomba la maji, niliisema ndani ya basi la Bukavu kwa watu walioketi tu hawana pa kukimbilia. Kwenye arusi ya binti wa dada yangu niliisema wakati keki inakatwa, na bibi arusi akalia mpaka poda ikafanya mifereji. Niliona nimefanya vizuri. Uchungu una raha yake, kama kukuna upele: unajua utatoka damu, na kidole kiko pale pale.

Mwaka juzi binti yangu, fundi wa kushona, akapata mchumba, kijana wa Kamanyola mwenye kupeleka nyanya na mahindi huku na huku kwenye mipaka ile. Kijana mzuri, anacheka kidogo, anakula sana. Watu wake wakatuma neno kwamba watakuja kujitambulisha na kuleta ng'ombe. Sasa, kwetu sisi, ng'ombe za msichana zinapokelewa na baba yake, na kama baba hayupo zinapokelewa na ndugu ya baba. Mama hapokei ng'ombe, hata kama amemlea mtoto kwa kucha zake. Kwa hiyo kiti cha mbele, kile chenye kitambaa, kingekaliwa na nani? Na mwenye godoro.

Nilisema hapo hapo kwamba siku hiyo nitasimama mbele ya wakwe na kueleza moja baada ya jingine. Binti yangu alikuwa anakata kitambaa. Hakuinua macho.

"Mama, minye sitaki kuolewa mu matanga."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaweka mkasi chini na kusema kwamba kama nakuja na ile hadithi, basi nibaki chumbani siku hiyo mpaka wageni waondoke, atasema naumwa. Na kama nataka kukaa nje pamoja na watu, niende kwanza kwenye nyumba ya masikilizano, ile ya kusikiliza watu wenye uchungu, iliyo nyuma ya kituo cha afya, kila Alhamisi, mpaka kinywa changu kijifunze kufungwa. Wageni wanakuja baada ya miezi minne, akasema. Nichague.

Mtoto niliyemzaa ananifungia chumbani. Nilikwenda kwa hasira, nikiwa na kitenge changu kizuri, maana hata mahakamani mtu anakwenda amevaa.

Nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha rangi ya buluu, viti viwili vya plastiki, pazia, na meza ndogo yenye karatasi laini za kufutia machozi. Nilipoziona zile karatasi nikajua niko mahali ninapopafahamu. Msikilizaji alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu, amevaa miwani, na mbele yake daftari. Nikajisemea, haya, mtoto huyu tutammaliza haraka.

Nikasema hadithi yangu. Niliisema vizuri sana siku ile. Mbuzi zilivuka mto, pikipiki ikatupita, nikafika kwenye godoro, nikalia kwa kiasi. Halafu mkono wangu ukanyooka wenyewe pembeni kumvuta mtoto aje kuonyesha kovu. Ukashika hewa. Mtoto ana miaka ishirini na mitatu, yuko nyumbani anashona koti la mtu.

Mkono ukabaki pale juu. Yule mwanamke aliuona. Akafunga daftari, akaweka kalamu juu yake.

"Hapa hakuna listi, mama," akasema. "Minye siko na bashi, siko na ndoo. Sasa weye, ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia kama hakuna kitu angesema mapema, kabla sijavaa kitenge. Nikarudi nyumbani na kumwambia binti yangu kwamba kule hawagawi kitu chochote, ni kukaa tu kwenye kiti na kutazamana. Binti akaniuliza kama nimemwambia kuhusu godoro. Nikasema ndiyo. Akaniambia nitarudi Alhamisi.

Nikarudi. Ya pili nilikaa kimya kumkomesha, na yeye akakaa kimya kama mtu aliyezoea. Ya tatu nikamweleza habari ya bata wa jirani anayeingia kwangu na kula unga. Akasikiliza habari ya bata toka mwanzo mpaka mwisho. Akauliza huyo bata ni jike au dume. Mimi katika maisha yangu nimewaambia watu vifo, na hawakuniuliza swali hata moja.

Lakini sikumwamini bado. Uvira yetu ni mji wa kandokando ya barabara, mrefu kama utumbo: neno ukilitupa Kavimvira asubuhi, wewe mwenyewe ukifika Kalundu kwa basi unalikuta limeshakula chakula cha mchana. Kwa hiyo nilimtega. Nilimtungia siri: kwamba mzee mmoja muuza chumvi sokoni ananitaka nimwoe, hapana, anioe, na mimi nimekubali kimya kimya. Kisha nikaenda sokoni na kusubiri. Nilipita mbele ya meza ya huyo mzee mara tatu kwa siku, wiki nzima. Hakuna aliyenikonyeza. Hakuna aliyeniuliza. Mzee mwenyewe alinipimia chumvi kwa kunipunja kama kawaida, na mwanaume anayetaka kuoa hapunji. Hapo nikajua: huyu ni kisima, kitu kikiingia hakitoki. Wiki iliyofuata nikamwambia kwamba nilidanganya. Akacheka mpaka akavua miwani.

Wanaoniuliza sasa kwa nini ile nyumba ilinisaidia, na kwa nini wao walienda mara mbili hawakuona kitu, huwa nawauliza kwanza kama walimtega. Hawakumtega. Walikwenda kama mtu anayekwenda kwa mganga, wakaweka mkono mezani, wakasubiri dawa. Dawa haiko pale. Pale kuna mtu ambaye si ndugu yako, hatakuzika, hatakurithi, hana shamba linalopakana na lako, na saa tisa ya Alhamisi yuko kwenye kiti kile kile. Nyumbani kwangu watu wote walionipenda walikuwa na haraka nipone. Dada yangu alisema jikaze. Pasta wetu, na huyu namweka kwenye orodha ya wenye makosa, wa nne, alinisimamisha kanisani na kuniamuru nisamehe mbele ya watu wote, tena kwa sauti ya kipaza sauti. Nilisema nimesamehe. Ningesema nini, na kile kitu kinapiga miluzi masikioni mwangu? Nilitoka pale na uchungu uleule na juu yake uongo.

Yule mwanamke hakuwa na haraka. Alikosea pia, na hilo nilimpendea. Siku moja alitaka kunifundisha kupumua taratibu pale moyo unapopiga mbio. Nifumbe macho, nifikirie mahali pa amani. Fikiria ziwa, akasema, maji yametulia.

Nikafumbua macho. "Binti yangu, ile ziwa njo ilipanda ikakula jikoni yangu."

Ni kweli, mwaka ule maji yalipopanda tulipikia juu ya kitanda. Akasema nisamehe mama, minye ni wa Bukavu, sikufikiri. Mtu mwenye diploma akaniomba radhi mimi niliyeishia darasa la nne. Tukatafuta mahali pengine pamoja. Tukaona pa kwangu ni shamba la mpunga, asubuhi, miguu iko kwenye matope baridi mpaka magoti na unafukuza ndege kwa kelele. Si mahali pa kimya, lakini moyo wangu unatulia pale, na mpaka leo nikipanda pikipiki nafanya hivyo, mwenye pikipiki hajui kwamba abiria wake yuko kwenye matope anafukuza ndege.

Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja akaniuliza jambo ambalo nililiona dogo. Akasema kwamba hadithi yangu kila mara inaanzia barabarani. Kabla ya barabara nilikuwa wapi?

Watu wa listi hawaulizi hilo. Karatasi yao inaanzia siku uliyokimbia na mahali ulipokimbia, hakuna nafasi ya kuandika kabla yake.

Nikasema nilikuwa jikoni.

"Ulikuwa unapika nini?"

Nilijibu maharagwe, halafu kinywa changu kikafungwa. Kile ambacho binti yangu alikitafuta kwa miaka, kinywa kufungwa, kikapatikana kwa neno moja. Nje watoto wa kituo cha afya walikuwa wanalia kwa sindano zao. Halafu nikamwambia, na hapa pia nitasema, kwa kuwa nimeanza na wenye makosa na sijamaliza. Wa tano ni mimi.

Tuliposikia risasi mtoto alikuwa amekaa karibu na mafiga anacheza na vijiti. Nikamvuta kwa nguvu. Kitenge changu kikanasa kwenye mshiko wa sufuria, maharagwe yanachemka, yakamwagikia mkono wa mtoto wangu. Hakuna mtu aliyemchoma. Hakuna moto wa bunduki wala wa nyumba. Ni sufuria yangu, ni kitenge changu. Hakulia hata, alinitazama tu. Alianza kulia tulipofika barabarani, wakati pikipiki inatupita, na ndiyo maana mimi naisikia pikipiki ile mpaka leo kwa sauti ya mtoto.

Na miaka yote ile ya listi, nilipandisha nguo yake na kusema ni wale watu.

Sikulia. Karatasi zilikuwa pale, sikuzigusa. Nilikuwa nimemkazia macho nikimsubiri aseme si kosa lako, mama, maana nilikuwa tayari kumrudishia neno hilo usoni. Hakulisema. Aliuliza nilijua saa ngapi kwamba mtoto ameungua. Nikasema papo hapo. Akauliza nikafanya nini.

"Nilimubeba."

"Mpaka wapi?"

Nikamwambia: mpaka barabara kuu, na barabara kuu mpaka giza, kesho yake tena, mpaka lori likatuchukua. Mguu mmoja hauna kiatu. Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepima umbali ule. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuuona ule umbali. Kwenye hadithi ya bashi haumo, kwa sababu nilihofia nikiusema wataona nina nguvu na kunipa ndoo ndogo.

Nikafikiri sasa ataniamuru nikamwambie binti yangu. Nilikuwa nimeshatayarisha sababu za kukataa. Hakuniamuru. Niliuliza nimwambie ama nisimwambie, akasema yeye hajui, mimi ndiye namjua mtoto wangu, ila anaweza kunisaidia nifikirie nini naogopa. Naogopa nini? Naogopa asije akanitazama kama alivyonitazama siku ile karibu na mafiga. Wiki tatu tulizungumza juu ya macho hayo tu. Mtu asiyekuamuru anakuweka pabaya: huna wa kumkaidi. Ingekuwa pasta, ningekaidi nikaenda zangu.

Binti yangu nilimwambia tukiwa tunachambua mchele, mchana, ungo uko katikati yetu. Nilisema kwa sentensi nne. Mikono yake iliendelea kutoa mawe, ikaendelea, kisha ikasimama.

"Ile siku ya bashi ya kwanza," akasema, "minye nilikataa kupandisha nguo. Ukanifinya. Ulikuwa unajua?"

Sikuwa nimesubiri swali hilo. Nilitayarisha majibu ya sufuria, nikaulizwa juu ya kufinywa.

"Nilikuwa najua."

Akasimama, akanawa mikono, akachukua mashine yake ya kushona ile ndogo, akaenda kukaa kwa rafiki yake Kavimvira. Siku kumi na moja hakurudi. Wakwe walikuwa wanakuja baada ya wiki tano.

Alhamisi nilikwenda kumgombeza yule mwanamke. Nilimwambia amenivunjia nyumba, kwamba nilikuja na hadithi moja mbaya na sasa nina mbili, na mtoto sina. Nilitaka aniambie atarudi tu, mama, usijali. Kila mtu angeniambia hivyo.

"Pengine tumeenda haraka," akasema. "Kama atarudi, minye sijui. Lakini Alhamisi nitakuwa hapa."

Niliona ni maneno machache kwa mtu anayelipwa kuzungumza. Lakini Alhamisi ikafika, na alikuwa pale. Na zote zilizofuata pia. Mimi ni mtu niliyepitwa na pikipiki. Kwangu mtu kuwa pale aliposema atakuwa ni jambo ambalo sijazoea, inabidi nilitazame mara mbili.

Siku ya kumi na mbili binti yangu aliingia kuchukua mita yake ya kupimia. Hakunisalimia. Alitafuta mita, akaipata, akaiviringa mkononi kwa muda mrefu kuliko mita inavyohitaji.

"Ule mkono ni wangu," akasema. "Usiutaje tena kwa mtu. Nikiulizwa, nitajibu minye mwenyewe."

Nikasema sawa.

"Na weye utakaa inje na watu. Lakini ukisema, sema kweli. Usiseme hadithi."

Nikamuuliza tofauti ni nini, maana godoro ni kweli, mbuzi ni kweli. Akasema mimi mwenyewe najua. Kisha akanipima mabega, kiuno, urefu, bila neno jingine, akaandika namba kwenye mkono wake kwa kalamu na kwenda. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ninashonewa nguo ya sherehe.

Siku ikafika. Watu wa Kamanyola walikuja na mabasi mawili madogo na kelele za watu mia. Msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye kofia kubwa na ulimi wa kukodishwa. Alisema wamepita barabarani wakaona ua kwenye kiwanja chetu, na sisi tukajibu kama inavyojibiwa kwamba hapa hatulimi maua. Mwenye godoro alikaa kwenye kiti chenye kitambaa. Amezeeka. Koti lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Nilikaa nyuma yake upande, na moyo ukaanza mbio zake, nikashuka kwenye matope yangu ya mpunga, ndege walikuwa wengi siku ile.

Halafu yule msemaji akauliza swali la desturi: tuambieni huyu mtoto ametoka wapi, tusije tukaoa tusilolijua. Mwenye kiti alipaswa kujibu. Akakohoa. Akatazama mikono yake, akakohoa tena, na akageuka nyuma kunitazama mimi. Ukoo mzima ukatazama chini kama watu wanaotafuta sindano. Dada yangu alinifinya paja. Kwenye dirisha la chumba pazia lilisogea, nikajua nani yuko nyuma yake.

Nikasimama. Hadithi ya bashi ilikuwa pale yote, imejipanga, mbuzi mbele. Ni tamu kinywani, sitadanganya. Nikaiacha ipite.

"Baba yake aliuawa bondeni," nikasema. "Baba mdogo wake, huyu munamuona, alitupita na pikipiki. Alikuwa amebeba godoro. Minye njo nimemulea. Ingine ni yake, mutamuuliza mwenyewe."

Nikakaa. Ilikuwa fupi mpaka mimi mwenyewe nilishangaa kiti kimenifikia. Yule mzee mwenye kofia, ambaye hakujua lolote na aliona ni zile hila za wakwe, akainua mkono.

"Basi sisi watu wa Kamanyola tunasema hivi: lile godoro litoke na bibi arusi."

Watu wakacheka upande wao, na upande wetu wakajizuia, wakashindwa. Mwenye kiti hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, akasema taratibu, akimtazama yule mzee lakini maneno yakija kwangu:

"Godoro walininyang'anya njiani, hata Kiliba sikufika. Anavyosema shemeji ni kweli. Nafasi ilikuwako."

Miaka kumi na saba. Hakuwahi kusema. Kila nilipoisema hadithi mbele yake aliondoka au alibisha, kwa sababu niliisema ili watu wamchukie, na mtu akichukiwa anajikinga. Sikumsamehe. Pasta alikuwepo, alinitazama kwa matumaini, nikageuza macho. Lakini nilicheka, sikuweza kujizuia: alituacha barabarani kwa ajili ya godoro, na akalala chini kama sisi.

Ng'ombe akazipokea yeye, kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. Nilikuwa nimekaa nje na watu.

Kuhusu haya ninayoandika, nilimwomba binti yangu ruhusa baadaye, kwa sababu mkono ni wake. Akafikiri siku mbili, akasema niandike, ila nisiseme ni mkono gani. Sijasema. Yule mwanamke wa miwani bado naenda kwake, mara moja kwa mwezi sasa. Kuna habari ya ng'ombe wa mume wangu na asubuhi ile ambayo hatujaifika. Nimebaki na orodha yangu ya wenye makosa na siipunguzi, ila sasa naweza kuiweka chini nikala.

Siku ile ya ng'ombe, chakula kilipokuwa tayari, bibi arusi alitoka na jagi na beseni kuwanawisha wakwe mikono, kama inavyofanywa kwetu. Mimi nilikuwa nyuma yake na sahani. Alipofika kwa shangazi wa kijana, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, maji yakimwagika, yule shangazi akaona kovu. Akauliza waziwazi, ni nini ilikupata mwanangu?

Kinywa changu kilifunguka. Nilikisikia kinafunguka. Nikakifunga.

"Ni sufuria ya maharagwe," binti yangu akasema. "Mama alikuwa ananivuta tukimbie. Halafu akanibeba."

"Pole, mwanangu."

"Asante."

Shangazi akakung'uta maji mikononi, akatazama meza, akauliza kama nyumba hii ina pilipili. Nikaenda kuileta mimi.